Alama Thelathini na Moja za Kidole Kimoja

Nilifika Kindu siku mbili baada ya Papa Kalonda kuzikwa. Nilikuwa nimetoka Kisangani kwa pikipiki, nikalala Lubutu, nikalala tena njiani kwa watu nisiowajua kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara, na nilipoingia mtaa wa Mikelenge matope yalikuwa yamenikaukia hadi magotini. Matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Turubai la bluu lilifungwa kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye mpapai, na chini yake wanawake walikaa mikekani wakichambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Mama Mwamini, mjane wake, aliniona nikiwa bado barabarani namlipa mwenye pikipiki. Hakunyanyuka. Alisogea kidogo kwenye mkeka wake, akaipapasa nafasi aliyoiacha, nami nikavua viatu nikaenda kukaa. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita tangu tulipokaa ubavu kwa ubavu mara ya mwisho, na miaka hiyo yote nilikuwa nadaiwa naye maelezo ambayo sikuwa na ujasiri wa kuyatoa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa mtetezi wa mahakama. Kwetu mtetezi wa mahakama si wakili kamili. Ni mtu aliyesoma sheria kiasi, akaapa mbele ya tribinali ya mji wake, akaruhusiwa kuwasemea watu hapo tu. Hata hivyo watu hutuita Maître kama wanavyowaita mawakili wote, na mimi nilipenda sana kuitwa hivyo. Mawakili wenyewe walikuwa wameshaukimbia mji. Kindu ilikuwa mikononi mwa waasi, na msitu unaoizunguka ulikuwa mikononi mwa wapiganaji waliowapinga, kwa hiyo tuliishi kama watu waliofungiwa ndani ya ua. Gari la moshi lilikuwa limesimama. Mitumbwi haikuruhusiwa kuvuka mto Lualaba bila karatasi ya wanajeshi, na aliyekamatwa na kitu chochote kinachoelekea porini, hata chumvi, hata betri za tochi, alihesabiwa kuwa anamlisha adui. Jirani yangu mmoja, mvuvi, alikamatwa ufukweni na vipande vinne vya sabuni. Mkewe alikwenda kumwulizia kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha akaacha kwenda.

Nikiwasimulia vijana wa siku hizi kwamba katika hali hiyo tribinali iliendelea kufanya kazi, wanadhani natia chumvi. Iliendelea. Waliotutawala walitaka mji uonekane una serikali, na majaji, ambao hawakuwa wamepokea mshahara kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka tena, walikuja kila Jumatano na majoho yao yaliyofuliwa kwa majivu kwa sababu sabuni haikuwepo. Tulizisikiliza kesi za mbuzi, za mipaka ya viwanja, za talaka. Sasa nikifikiri, nadhani wote mle ndani tulikuwa tunashikilia kitu kile kile: mahali pamoja katika mji ambapo mtu aliruhusiwa kusema zamu yake ikifika, na mwingine alilazimika kunyamaza amsikilize.

Papa Kalonda alikuwa muganga wa kituo kidogo cha afya karibu na mto. Alikuwa muuguzi, si daktari, lakini kwetu yeyote anayekutibu ni muganga, na yeye alikuwa amewatibu watu wa mtaa ule kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya mama aliowazalisha walikuwa wamezaliwa mikononi mwake. Shirika moja la msaada lilimletea dawa za kifua kikuu. Utaratibu wake ulikuwa hivi: kila mgonjwa akipokea vidonge vyake vya mwezi alitia kidole gumba kwenye rejista, mbele ya jina lake. Jina lisilo na alama lilifutwa, na dawa yake haikuletwa tena. Siku moja shirika lilimtuma mkaguzi, kijana mpole mwenye miwani, na kijana huyo akaziinamia kurasa za rejista kwa kioo cha kukuzia. Akaona kwamba majina thelathini na moja, kwa miezi mitano mfululizo, yalikuwa na alama za kidole kimoja. Kidole hicho kilikuwa na kovu lililokipasua katikati kama njia inayokata shamba. Alimwomba Papa Kalonda atie kidole chake kwenye karatasi safi. Papa Kalonda alikitia bila kubisha. Aliwahi kujikata na panga alipokuwa kijana, na kovu lilikuwa pale pale.

Alishtakiwa kwa makosa mawili: kughushi maandishi, na kujipatia dawa kwa ulaghai. Mwendesha mashtaka alisema majina yale ni ya watu wasiokuwepo, na kwamba dawa ziliuzwa. Mji uliamini mara moja. Nasema hivi bila kuwalaumu watu; mwaka ule tulishaona mabati ya shule yakiuzwa, vitanda vya wagonjwa vikiuzwa, na hatukuwa na sababu ya kufikiri kwamba vidonge vingeachwa. Mama Mwamini alikuja kwangu asubuhi moja, akasimama mlangoni akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Hakuniambia mume wake hana kosa. Aliniambia, "Maître, sina kitu ya kukulipa. Lakini muntu hawezi kusimama peke yake mbele ya wale watu. Utamusemea, na siku unamwona utakuja kula kwangu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Jumanne na Ijumaa nilikwenda gerezani, na kutoka gerezani nilikwenda Mikelenge kula.

Gerezani walitupa chumba kilichokuwa stoo, chenye harufu ya magunia ya zamani, na benchi moja ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Papa Kalonda alikaa upande wa tofali ili nisianguke. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini ya watu waliozoea kuzungumza karibu na wanaolala. Mara ya kwanza aliniuliza kama wagonjwa wake wa mtaani wanaendelea kufungwa vidonda. Mara ya pili aliniambia, "Andika tu kwamba niliiba. Itaisha."

"Watakuuliza uliuzisha kwa nani," nikamwambia.

"Nitasema kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Simujui jina."

"Papa, watu wa Butembo waliobaki na maduka hapa ni wanne. Watamukamata mumoja wao, na atapigwa mpaka akubali."

Aliinamisha kichwa. Niliona kwamba jambo hilo hakuwa amelifikiria, na kwamba limemwumiza zaidi ya kesi yenyewe. Wale wanne aliwajua. Mmoja wao alikuwa akimkopesha sukari. "Basi, hapana," akasema. "Hiyo hapana."

Mara ya tatu nilikasirika. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimezisoma kurasa za kesi mpaka nikazijua kwa moyo, na sikuwa na chochote mkononi. Nilimwambia kwamba ananipeleka mahakamani kama mtu anayempeleka mwenzake kuvuna shamba bila panga. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainuka, akautazama mlango, akarudi akakaa karibu zaidi.

"Wale watu wako kweli, Maître. Thelathini na moja wote, wenye majina yao. Wako porini, ng'ambo. Vita iliwakimbiza katikati ya dawa. Na dawa ya kifua ukiiacha katikati, ugonjwa unarudi, na ukirudi hausikii tena dawa ile. Mimi nilikuwa na vidonge vyao kwenye kabati. Nilipashwa kufanya nini, kuviangalia tu? Na kama sitii kidole, jina linafutwa, mwezi unaofuata hakuna kitu. Hii njo kidole yangu. Nilitia."

"Nani alivusha?"

"Hiyo usiulize. Wako watu. Wangali wanavusha vitu vingine mpaka leo."

Nilielewa mara moja. Ukweli wake ulimwondolea kosa dogo, ukamtia katika kosa kubwa. Mwizi wa dawa alifungwa gerezani. Aliyepeleka dawa porini alikabidhiwa kwa wanajeshi, na baada ya hapo hapakuwa na Jumatano wala jaji. Nikamwuliza kama Mama Mwamini anajua.

"Hajui. Na hatajua. Mwamini hawezi kudanganya, uso wake unasema yote. Siku watamwuliza, tutakufa wote, na wale wanaovusha pia."

"Lakini anafikiri wewe ni mwizi."

"Najua anafikiri nini," akasema. "Ninamwona akileta chakula."

Siku ile nilipotoka gerezani nilitamani nipite njia nyingine nirudi kwangu, lakini njaa ya mwaka ule haikuwa ya kuchezea, na nilikuwa nimeahidi. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele chenye meza moja, viti vitatu, na kabati la vyombo lililofunikwa kitambaa alichokidarizi Mama Mwamini mwenyewe kabla ya kuolewa. Mabinti wawili walilala chumba cha nyuma. Mkubwa, Bahati, alikuwa ameacha kwenda shule kwa sababu ya maneno aliyoambiwa njiani. Ukuta uliotutenganisha na majirani ulikuwa wa udongo, na tulipokuwa tunakula tuliwasikia wakizungumza kana kwamba wako mezani na sisi. Siku ile walikuwa wanasema kwamba Kalonda ana mwanamke mwingine kule mji wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, na kwamba dawa zote zimemjengea huyo mwanamke nyumba ya bati. Mama Mwamini aliendelea kunipakulia wali. Mchele ulikuwa mchache, lakini mafuta ya mawese yalikuwepo, na sombe isiyo na chumvi aliikoleza kwa pilipili ili ulimi usahau. Aliponisogezea sahani akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maître, amekuambia kama mwanamuke huyo yuko?"

"Hayuko, Mama."

"Basi dawa ziko wapi?"

Nilitia tonge mdomoni. Nakumbuka nililitafuna mpaka likawa maji. Sheria ya kazi yetu ilinikataza kusema, na mume wake alinikataza kusema, na zote mbili zilikuwa sababu nzuri, lakini hakuna hata moja iliyonisaidia kumtazama machoni. Nikamwambia siwezi kuzungumza mambo ya kesi. Aliitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu, akawaita mabinti waje wale. Kuanzia hapo, kwa miezi mingi, nilikula kwenye meza ile mara mbili kwa wiki huku nikijua kitu ambacho kingeupumzisha moyo wa mwenye nyumba, na nikaondoka kila mara nikisema asante.

Sasa niseme kosa langu, maana sikuja kuandika haya ili nijisifu. Nilitaka kushinda. Kila usiku nilijiona nikisimama mbele ya majaji na kuwaambia kwamba huyu mnayemwita mwizi ameokoa watu thelathini na mmoja, nikauona ukumbi mzima ukinyamaza. Niliiona picha hiyo mara nyingi mno. Nikajidanganya kwamba jaji mkuu ni mtu mwema, na kwamba nikimwandikia ukweli katika maandishi ya utetezi, akayasoma peke yake ofisini, atajua la kufanya bila kulisema hadharani. Nikaandika kurasa tatu kwa mkono. Katika ukurasa wa pili niliweka aya moja iliyoeleza yote: mto, pori, wagonjwa. Kisha nikazipeleka kwa Mzee Feruzi azipige chapa.

Mzee Feruzi alikuwa na mashine ya kuandikia, na alikaa nayo kwenye baraza mkabala na tribinali, kofia yake nyeupe kichwani, mbabula ya makaa miguuni kwa ajili ya chai. Kila karatasi rasmi ya mji ilipita chini ya vidole vyake: barua za wake walioachwa, mashtaka, majibu ya mashtaka, na ripoti za wale wale wanajeshi. Alipiga kwa vidole viwili na hakuwahi kutoa maoni kuhusu alichokipiga. Nilimwachia kurasa zangu mchana, akaniambia nirudi kesho yake asubuhi.

Asubuhi niliporudi, kwenye benchi yake alikuwa amekaa ofisa wa usalama, mguu juu ya mguu, akimsomea ripoti. Kurasa zangu zilikuwa pembeni mwa mashine, chini ya jiwe. Kutoka pale ofisa alipokaa, angezifikia kwa kunyoosha mkono tu. Nilisimama kwenye jua. Ofisa alinitazama, akaniuliza kama mimi ndiye mwanasheria wa yule mwizi wa dawa, nikasema ndiyo. Akasema, "Kazi mbaya hiyo, dada," akarudi kwenye ripoti yake. Ilikuwa ndefu. Ilihusu gari lililoharibika. Nililisikia kila neno la ripoti ile na mpaka leo naweza kukwambia ni gurudumu gani lililopasuka. Alipomaliza alisaini, akavaa miwani yake, akaondoka bila kulitazama jiwe.

Mzee Feruzi alinipa karatasi zangu. Ukurasa wa pili ulikuwa mfupi kuliko nilivyouandika.

"Hapo kati mashine ilikataa," akasema.

"Ilikataa?"

"Utepe ulikwama. Sikupiga zile mistari kumi na mbili." Alikuwa anakoroga makaa kwa kijiti. "Na ile karatasi ya mukono niliiwashia moto asubuhi, nisamehe. Sikukuwa na kitu kingine cha kuwashia."

Akanimiminia chai isiyo na sukari. Kisha akasema, akitazama barabara na si mimi, "Jaji ni muntu muzuri, mutoto wangu. Lakini karatasi ikiingia mule ndani, haiko ya jaji tena. Inasomwa na anayefagia, na anayefunga kabati, na huyu aliyetoka hapa. Wewe sema kwa mudomo, na usiseme mingi. Mule ndani, wao njo wanapashwa kuonyesha. Si wewe."

Mtu ambaye hakukaa hata siku moja katika darasa la sheria alinifundisha pale barazani kitu nilichokuwa nimekisoma na kukijibia mtihani bila kukielewa. Nilikuwa nadhani kumtetea mtu ni kuonyesha kwamba hana hatia. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kuna siku ambapo kumtetea ni kuulinda mlango tu, kuwaacha wenye mashtaka waje na walicho nacho, na kuhakikisha kwamba hawaingii na wasicho nacho. Nilirudi gerezani nikamwambia Papa Kalonda asikiri na asikane. Akiulizwa dawa ziko wapi, anyamaze. Sheria inamruhusu. Aliniuliza kama kunyamaza kutamfanya aonekane mwizi. Nikamwambia ndiyo, kutamfanya hivyo. Akasema sawa.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Mwamini alikaa mstari wa pili na mabinti wake, wamevaa vizuri. Ofisa wa usalama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwendesha mashtaka aliinua rejista juu, akaifungua, akaipitisha kwa majaji, na kila mmoja aliangalia kovu lile. Kisha akaitwa mkaguzi, yule kijana wa miwani, na zamu yangu ikafika ya kumwuliza.

Nilimwuliza dawa zenyewe zina rangi gani. Akasema nyekundu, na kwamba hapa mjini hakuna dawa nyingine inayofanana nazo. Nikamwuliza kama alizitafuta sokoni. Alisema alizitafuta kwa siku nne, meza kwa meza.

"Uliziona?"

"Hapana."

"Kwenye maduka?"

"Hapana, Maître."

"Nyumbani kwa mshtakiwa?"

"Tulipekua nyumba yote. Hapana." Alikuwa kijana mkweli, na nadhani ilikuwa hapo ndipo alipoanza kujiuliza mwenyewe, kwa sababu alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

Mwendesha mashtaka alisimama. Alisema kwamba vidonge havina miguu. Akamgeukia Papa Kalonda akamwuliza mara tatu: viko wapi? Papa Kalonda alisimama wima, mikono nyuma, akitazama ukuta juu ya vichwa vya majaji. Watu walianza kunong'ona. Nyuma yangu nilimsikia Mama Mwamini akivuta pumzi, kama mtu anayenyanyua ndoo. Jaji mkuu alinyoosha mkono ukumbi utulie, kisha akanitazama mimi.

"Maître, wewe unajua dawa ziko wapi?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Sitaki kuficha hilo. Niligeuza kichwa, nikamwona ofisa pale mlangoni ameacha kuchezea funguo zake, nikamwona na Mama Mwamini, ambaye kwa neno moja ningemrudishia mume wake, na kwa neno hilo hilo ningemnyang'anya.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi sikuitwa hapa kuwa shahidi. Walioleta mashtaka wanasema dawa ziliuzwa. Waonyeshe mnunuzi mmoja. Waonyeshe kidonge kimoja. Na sheria inasema kughushi ni kosa pale mtu anapokusudia kulaghai au kudhuru. Waonyeshe aliyedhurika."

Jaji alichukua kalamu. Alikuwa mzee, na majani ya muhogo bila chumvi yalikuwa yamemla mashavu kama sisi wote. Aliandika kitu. Hakuniuliza tena.

Baada ya wiki mbili hukumu ilisomwa. Shtaka la kujipatia dawa kwa ulaghai lilianguka kwa kukosa ushahidi. La kughushi lilibaki, maana alama zilikuwepo na hakuna aliyezieleza. Mwaka mmoja gerezani, na jina lake kufutwa kwenye orodha ya wauguzi. Alipoondolewa ukumbini alinishika mkono akasema, "Umefanya vizuri." Mama Mwamini alinipita bila kunitazama. Lakini alimpelekea mumewe chakula kila siku ya mwaka ule, kwa miguu, juani na mvuani, yeye ambaye aliamini kwamba mtu anayemlisha ni mwizi. Nimewatetea watu wengi tangu wakati huo, wa hundi za uongo, wa mihuri ya kuchonga, wa viwanja vilivyouzwa mara mbili, na kila nilipomwona mke au mama amesimama na bakuli nje ya gereza, nilimkumbuka yeye.

Papa Kalonda alitoka gerezani mji ukiwa bado umefungwa. Mimi nilihamia Kisangani punde barabara zilipofunguka. Sikwenda kuaga Mikelenge. Nilisikia kwa watu kwamba amani ilipofika, mtu mmoja alivuka mto na kuku mkononi, akaulizia nyumba ya muganga, akamkuta Mama Mwamini peke yake, na kwamba alipomweleza sababu ya kuku yule, mama alimwacha mgeni amesimama uani akaingia ndani akafunga mlango. Nilisikia pia kwamba hakuzungumza na mumewe kwa siku nyingi. Baadaye walihamia kijiji cha Tunda, wakalima, na watu wa kule walimwendea Papa Kalonda kwa siri na kwa wazi awatibu. Walirudi Kindu alipoanza kuugua. Barua ya kuomba jina lake lisafishwe niliiandika mara mbili kutoka Kisangani, na yeye mara zote mbili alijibu kwamba haina haraka.

Sasa nilikuwa nimekaa mkekani, na Mama Mwamini alikuwa wa kwanza kusema.

"Ulikula kwangu ile miezi yote," akasema, "na ulijua."

"Nilijua, Mama. Nilikuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kuchambua majani. "Nilikukasirikia wewe kuliko yeye. Yeye nilimwuliza, nikamwambia, uliamini mutoto wa watu, hukuniamini mimi. Akasema, ni uso wako tu sikuuamini. Nikakaa na hilo neno." Alitupa mabua pembeni. "Kuna kitu hata mimi sikukuambia. Wale watu wa usalama walikuja hapa mara mbili, yeye akiwa gerezani. Walinikalisha kwenye kiti kile. Waliniuliza, dawa ilienda porini? Ikavuka? Mimi nikawaambia ile niliyokuwa nayo moyoni. Kwamba ni mwizi, kwamba ana mwanamuke kule Kama, kwamba amewaaibisha watoto wangu, na kama wanataka kumuua wamuue, mimi nimechoka. Nililia kwa hasira. Walinionea huruma, Maître. Mumoja aliniachia kipimo cha chumvi. Hawakurudi tena."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, wala sikuwa nimewahi kuota kwamba iko.

"Kama ningejua ukweli, wangeuona," akasema. "Kwa hiyo alikuwa na haki. Nimekubali. Lakini ule mwaka nilimuchukia muntu muzuri, kila siku, nikimupelekea chakula. Hakuna wa kunirudishia. Yeye mwenyewe alijaribu mpaka amekufa."

Tukachambua majani pamoja mpaka Bahati, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne na mwalimu, akatoka ndani na msalaba wa mbao uliokwisha pigwa randa, kopo la rangi nyeusi, na brashi. Alikaa mbele yetu, akaniamkia, akamwuliza mama yake mbele ya jina aandike nini. Wajomba walikuwa wamesema aandike Papa tu, kama baba mwingine yeyote, ili pasiwe na maneno, kwa kuwa ile hukumu haijafutwa.

Mama Mwamini alinigeukia. "Maître, sheria inasema nini?"

"Sheria haina kazi na msalaba, Mama."

"Basi andika Muganga," akamwambia binti yake. "Na uandike kwa herufi kubwa, mwenye kupita barabarani asome."

Niliushika msalaba kwa mikono miwili usitikisike, na Bahati akaanza kuandika.